Mke wangu kajifungua, sasa hana raha kabisa. Nisubiri au nimpeleke hospitali?

Baba_Mpya_Moro: Wakuu, habari za jioni. Mtoto wetu wa kwanza anakaribia miezi miwili. Mwanzoni mke wangu alikuwa akilia kila mara, nikaambiwa ni kawaida ya mzazi. Siku hizi halii tena, na hilo ndilo linanitisha zaidi. Mtoto akilala, yeye yuko macho mpaka alfajiri. Uji anausukuma pembeni. Juzi kaniambia, "Huyu mtoto angepata mama mwingine, angekuwa na bahati." Mama mkwe anasema kuna mkono wa mtu, twende kwenye maombi. Maombi siyapingi, ila naona tunachelewa. Hospitali wanayajua haya? Hawatamwita kichaa?

Mzee_wa_Kihonda: Pole sana mkuu. Uzazi una mengi. Mrudishe kwao apumzike, atakaa sawa.

Mkunga_Mstaafu: Kaka, mimi nimefanya kazi kliniki ya mama na mtoto tangu ujana wangu. Kupumzika ni vizuri, lakini hapa hakutoshi. Machozi ya siku za mwanzo huisha ndani ya wiki mbili hivi. Yakipita hapo, mama akawa hana hamu ya kula, hafurahii chochote, hapati usingizi hata mtoto akiwa kalala, hiyo ni sonona baada ya kujifungua, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, mpaka daktari aseme vinginevyo. Inatibika. Watampima damu pia, maana upungufu wa damu au tezi ya shingo huweza kumlegeza mtu hivyohivyo. Wataongea naye, na ikibidi zipo dawa ambazo mama anatumia huku ananyonyesha. Ila huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, asiziache njiani.

Watu wakisikia afya ya akili wanawaza Mirembe tu, ile hospitali ya magonjwa ya akili kule Dodoma. Si lazima afike huko! Kwa kawaida unaanzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ukihitaji mtaalamu wanakupa rufaa.

Kinachonikosesha amani ni yale maneno ya "mama mwingine". Usiyapite. Leo hii muulize.

Baba_Mpya_Moro: Ahsante dada. Namuulizaje? Naogopa nitamtia wazo ambalo hana.

Mkunga_Mstaafu: Hutamtia. Kuuliza hakupandi wazo. Mara nyingi mama hushusha pumzi kwa kuwa hatimaye kapata wa kumwambia. Kaeni wawili, simu weka mbali, mwambie wazi: "Mke wangu, umewahi kufikiria kujiua, au kumdhuru mtoto?" Akijibu ndiyo, usimgombeze, usimhubirie. Usimwache peke yake hata dakika, ondoa dawa na sumu za panya ndani, na mwende idara ya dharura usiku huohuo. Vivyo hivyo akisikia sauti ambazo ninyi hamzisikii, au akianza kusema mtoto si wake. Hapo hakuna kusubiri kesho.

Baba_Mpya_Moro: Nimemuuliza. Kanyamaza muda mrefu, halafu kaitikia kwa kichwa. Jirani ana gari, tunatoka sasa.

Mkunga_Mstaafu: Umefanya vizuri sana kaka. Kaa naye kiti cha nyuma. Beba kadi ya kliniki na nguo za mtoto, bado ananyonya. Mama mkwe naye aje, awe anampakata mtoto wakati daktari anaongea na mama. Na hayo maneno aliyokuambia, mweleze daktari vilevile alivyoyasema, usiyapunguze.