Tupeane uzoefu: transfa ya fowili inayokufa mara kwa mara, chanzo kilikuwa nini?

Mleta mada, Karatu

Ndugu zangu, ninamiliki Land Cruiser pikapu ya injini ya 1HZ, ambayo kazi yake ni kubeba vitunguu kutoka Mang'ola hadi Karatu, na mara mojamoja hadi Arusha mjini. Katika miezi 26 gari hili limekwisha kula transfa tatu, yaani lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ya kwanza ilikuwa ya asili na sikuilalamikia, kwa kuwa ilikuwa imeshafanya kazi kubwa. Ya pili niliinunua ya mtumba, ikadumu miezi 9. Ya tatu ilifunguliwa gereji, ikawekewa beringi, oili sili na gia mpya mbele ya macho yangu, nayo imeanza kuimba baada ya miezi 5 tu.

Dalili ni zilezile kila mara. Kwanza huja mlio mwembamba dereva anapokanyaga mafuta, unaokatika anapoachia. Kisha wenzo wa transfa hugoma kutoka H4 (magurudumu yote manne yakivuta) kurudi H2 (ya nyuma peke yake), mpaka gari lirudishwe nyuma hatua chache ndipo uachie kwa kishindo. Fundi amenishauri ninunue nyingine. Kabla sijatoa fedha tena, naomba simulizi za waliobadilisha transfa zaidi ya mara moja: gari lilikuwa lipi, na nini hatimaye kilikomesha tatizo. Ya kusikia kijiweni ninayo ya kutosha.

Mchangiaji wa Ifakara

Pole sana. Mimi nilibadilisha beringi za transfa mara mbili katika misimu miwili ya mpunga, na kila tulipofungua bolti ya chini oili ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Tulilaumu sili, tukabadilisha sili, na msimu uliofuata ikatoka chai ileile. Aliyegundua chanzo ni kijana aliyekuwa akisafisha chesesi: bomba la kupumulia la transfa lilikuwa limezibwa kwa udongo na nyigu, wale wanaojenga vijumba vyao kwenye kila tundu wanaloliona. Transfa iliyotoka kazini huwa ya moto, na inapoingia ghafla kwenye maji baridi hewa ya ndani husinyaa. Kama haina pa kuvutia hewa nyingine, huvuta maji kupitia kwenye midomo ya sili, hata kama sili ni mpya. Nilibadilisha bomba lile, nikalipandisha hadi karibu na kisafisha hewa na kufunga kichujio kidogo mdomoni. Huu ni msimu wa nne na oili inatoka safi.

Mchangiaji wa Songea

Langu ni fupi. Katika Land Cruiser yangu ya zamani, oili ilikuwa ikihama kati ya giaboksi na transfa kupitia sili iliyo baina yao, hivyo upande mmoja ulifurika na mwingine ukakauka, wakati chini ya gari hapakuwa na hata tone. Kwa sababu hapakuwa na uvujaji, hakuna aliyekumbuka kupima. Siku hizi ninafungua bolti zote mbili za kujazia kwa pamoja. Ukipima moja tu unadanganyika.

Mchangiaji wa Mpanda

Yangu ni pikapu ya milango minne, na transfa yake ni ya cheni, kwa hiyo sina hakika kama itamsaidia mleta mada, ambaye yake ni ya gia tupu. Cheni ilipolegea ilikuwa ikiruka meno kwenye vilima, kwa mshindo ambao abiria walidhani tumegonga jiwe. Tuliweka cheni mpya, nayo ikalegea kabla ya mwaka. Tulipofungua mara ya pili, sumaku ya chini ilikuwa imevaa ndevu za chuma, na ndipo nikasoma kitabu cha gari na kukuta kwamba transfa ile inataka ATF, oili nyepesi, wakati gereji ilikuwa imejaza oili nzito ya 80W-90 kama ilivyozoea kwa magari mengine. Ndani kuna pampu ndogo inayopaswa kuirusha oili hadi kwenye beringi za juu, na oili nzito ilikuwa haifiki huko inavyotakiwa. Sikumdai fundi chochote, maana kitabu kilikuwa kwenye dashibodi yangu muda wote.

Mchangiaji wa Lodwar

Mimi naendesha Defender yenye transfa ya LT230, ambayo huvuta magurudumu yote manne wakati wote. Siku moja nikiwa mbali na mji, injini ilinguruma, gia iliingia, na gari halikusogea. Meno ya shafti itokayo kwenye giaboksi yalikuwa yamelika hadi kuwa laini, pamoja na yale ya gia ya transfa inayovikwa juu yake. Makanika alibadilisha gia peke yake ili kuniokolea pesa, kwa kuwa shafti hudai giaboksi nzima ishushwe na kufunguliwa. Gia mpya juu ya shafti iliyochakaa haikumaliza mwaka. Mara ya pili nilibadilisha vyote viwili, na nikachagua gia ya toleo la baadaye, yenye matundu ya kupitishia oili hadi kwenye meno hayo. Pesa niliyookolewa mara ya kwanza niliilipa mara mbili.

Mchangiaji wa Dodoma, fundi mstaafu

Mleta mada, hayo yote ni ya kweli, lakini dalili uliyoieleza ni nyingine. Wenzo unaogoma mpaka gari lirudi nyuma unaonyesha kwamba propela, zile shafti ndefu zinazopeleka nguvu kwenye ekseli ya mbele na ya nyuma, zinabishana, na transfa imekamatwa katikati. Gari lako halina difu ya kati (gia zinazoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti), kwa hiyo likiwa H4 propela zote mbili zinalazimika kuzunguka sawasawa. Kwenye tope tofauti ndogo humalizwa na tairi kuteleza, ila kwenye changarawe ngumu au lami tairi haitelezi kirahisi, na mzigo wote unarudi kwenye gia na beringi.

Kagua tairi kwanza. Tairi mpya ya 7.50R16 ina kipenyo cha karibu sentimita 80, na ikiisha milimita 10 za kashata (meno ya tairi), kipenyo kinapungua sentimita 2. Ukiweka mpya mbele na vipara nyuma, umeanzisha ugomvi. Kisha nijibu swali moja: je, kuna difu iliyowahi kubadilishwa? Usitegemee kibati cha gari, kwa sababu msimbo wake wa ekseli unaeleza kilichotoka kiwandani, hauelezi kilichoko sasa.

Pima hivi. Weka vigingi kwenye magurudumu, weka transfa kwenye N (huru), inua kwa jeki gurudumu moja tu la nyuma, na uchore mstari wa chaki kwenye propela. Zungusha gurudumu mara 20 kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Difu ya 4.1 (propela huzunguka mara 4.1 magurudumu yote mawili yakizunguka mara moja, na nusu ya hapo likizunguka moja tu) itatoa mizunguko 41, na ya 3.9 itatoa 39 na kidogo. Rudia mbele ukiwa umerudisha transfa H2 na kufunga habu (kufuli za magurudumu ya mbele). Wengi huzungusha mara 2 tu, na hapo tofauti haionekani kwa macho.

Mleta mada, Karatu

Shikamoo mzee wangu, na asanteni nyote. Nilipima jana jioni na dereva wangu, na tulirudia mara tatu kwa sababu sikuamini. Mbele ni 41. Nyuma ni 39, na chaki imepita kidogo.

Difu ya nyuma ilibadilishwa kwa ya mtumba baada ya kuvunjika meno, miezi michache kabla ya transfa ya kwanza kufa. Muuzaji alituhakikishia kuwa ni ya gari lilelile, na kwa umbo hakukosea: bolti zote ziliingia. Hakuna aliyehesabu meno, nami nikiwemo. Nimemhoji pia dereva, akakiri kwamba akitoka Mang'ola huiacha H4 hadi afike lami, na safari nyingine huisahau hadi Rhotia.

Ninatafuta difu ya 41 kwa 10 (meno 41 kwa 10, yaani 4.1), na safari hii nitakwenda na chaki dukani. Kwa sasa tumefungua propela ya mbele na kuiweka stoo. Dereva analalamika kuhusu mlima, nami nimepunguza magunia.