Kura ya hati fungani za shule na barabara, Houston: kodi itapanda kiasi gani?

Kutoka: dada wa Alief

Hamjambo jamaa. Karatasi ya kura ya mfano ina maombi ya hati fungani za shule na za barabara za kaunti. Ya shule imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni ongezeko la kodi ya nyumba, lakini kipeperushi cha wilaya ya shule kinasema kiwango cha kodi hakitapanda. Tumwamini nani? Na sisi wapangaji inatuhusu?

Kutoka: mhasibu, Sharpstown

Dada, yote mawili yanaweza kuwa kweli. Tangu 2019 sheria ya Texas inalazimisha maneno hayo yachapwe kwenye kila pendekezo la hati fungani za shule, hata kama kiwango hakisogei senti moja. Ndivyo ilivyokuwa 2024, wilaya ya shule ya Houston (Houston ISD) ilipoomba dola bilioni 4.4. Wapiga kura walikataa mapendekezo yote mawili.

Kule nyumbani tukisikia hati fungani tunafikiria kununua Benki Kuu na kusubiri riba. Hapa unapopiga kura hukopeshi, unadhamini. Wilaya inakopa na nyumba zetu ndizo zinazolipa.

Kiwango kinabaki palepale kwa sababu madeni ya zamani yanaisha huku thamani za nyumba zikipanda. Kwa hiyo usiulize tu "kitapanda?" Uliza: "Tusipokopa, kingeshuka hadi senti ngapi?" Hapo ndipo gharama ilipojificha.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Nyumba ya dola 320,000 unayoishi mwenyewe, toa msamaha wa kodi ya shule wa dola 140,000, inabaki 180,000. Kiwango kikipanda senti 3 kwa kila dola 100: 1,800 mara 0.03 ni dola 54 kwa mwaka. Nyumba hiyohiyo ikiwa ya kupangisha haina msamaha, kwa hiyo inalipa 96. Mpangaji haoni bili, lakini mwenye nyumba akipanga kodi ya pango mwakani ataihesabu.

Wengi wetu wamenunua nyumba na hawajaomba msamaha huo. Fomu ni ya bure, hupelekwa ofisi ya tathmini ya kaunti kabla ya Mei kuanza, na anwani ya kwenye leseni yako ya udereva lazima ilingane na ya nyumba. Barua zinazokutaka ulipe ada ili ujaziwe fomu, tupa. Ukichelewa bado unaweza kuomba, lakini benki itakuwa imeshakukata kodi kamili kwenye eskro, yaani akaunti inayokusanyia kodi ya nyumba yako.

Angalia pia riba. Dola milioni 100 kwa miaka 30 kwa asilimia 4, ukilipa kiasi kilekile kila mwaka, zinarudi kama milioni 173. Kwa miaka 25 ni 160. Kabla ya kura, wilaya inatakiwa kutoa karatasi ya taarifa yenye kiasi cha mkopo, makadirio ya riba, na ongezeko la juu kabisa kwa nyumba ya dola 100,000. Isome hiyo kabla ya kipeperushi.

Jambo la mwisho: hati fungani hujenga madarasa, hubadilisha viyoyozi, hununua mabasi na ardhi. Haziongezi mshahara wa mwalimu hata dola moja, kwa sababu mishahara inatoka fungu lingine la kodi. Kompyuta za wanafunzi siku hizi zina pendekezo lake peke yake, na ni vizuri. Kompyuta inayochakaa kwa miaka 5 isilipwe kwa miaka 30. Uliza deni hilo litaisha lini.

Kutoka: mhandisi wa barabara, Katy

Naongezea upande wa kaunti. Mwaka 2022 kaunti yetu ya Harris ilipitisha dola bilioni 1.2, na milioni 900 kati ya hizo zilikuwa za barabara na mifereji. Watu wanauliza mbona katapila hazionekani. Kupitishwa kwa kura ni ruhusa ya kukopa tu. Baada yake kuna upimaji, usanifu, kununua vipande vya ardhi pembeni, na kuhamisha mabomba ya maji, gesi na nyaya. Hapo kwenye mabomba ndipo miezi inapopotea, maana mkandarasi hawezi kuchimba wakati bomba la kampuni nyingine bado lipo.

Ukienda mkutanoni uliza unene na kilicho chini, usiulize kilomita pekee. Udongo wa hapa ni mfinyanzi: mvua ikinyesha unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasua zege. Dawa yake ni kuchanganya chokaa kwenye udongo wa chini, kushindilia, ndipo zege yenye nondo imwagwe. Ukiona wanatandaza lami ya inchi 2 juu ya zege iliyopasuka, nyufa zilezile zitatokeza juu mahali palepale. Hiyo ni kazi ya bajeti ya matengenezo, isilipiwe kwa mkopo wa miaka 25.

Kutoka: kaka wa Gulfton

Shukrani wakubwa. Wazee wetu waliofika miaka 65, itawapanda? Na wenye grinikadi?

Kutoka: mhasibu, Sharpstown

Mzee wa 65 akishaomba msamaha wake, kodi yake ya shule inafungwa palepale. Hati fungani za shule hazimgusi, labda aongeze chumba.

Mwenye grinikadi asijiandikishe kupiga kura, hata karani wa leseni akimuuliza kwa nia njema. Kudai uraia usio nao kunaweza kukufukuzisha nchini. Raia ajiandikishe angalau siku 30 kabla ya siku ya kura. Karatasi za Harris zipo kwa Kiingereza, Kihispania, Kivietinamu na Kichina. Kiswahili hakipo, lakini mpiga kura asiyesoma lugha hizo ana haki ya kuingia na msaidizi anayemtaka, isipokuwa mwajiri wake au mwakilishi wa mwajiri au wa chama chake cha wafanyakazi.

Asiye raia anaruhusiwa kuzungumza kwenye mkutano wa bodi ya shule. Jiandikishe kabla ya ajenda kuanza, na useme kwamba utazungumza kupitia mkalimani: kama bodi haitumii vifaa vya kutafsiri papo hapo, sheria ya Texas inakupa angalau mara mbili ya muda wanaopewa wengine.