Mrejesho: Commodore 64 yenye kasha lisilo lake

Niliuliza hii kompyuta ya zamani, Commodore 64, ni toleo gani, maana kasha si lake na lebo haipo. Bodi imejibu: imechapwa namba ya bodi, ASSY 250466. RAM (kumbukumbu) ni chipu mbili za 41464, wakati bodi ya toleo jingine, 250407, ina nane za 4164. Chipu ya video ni 6569, yaani ya mfumo wa TV wa PAL. Lakini imekaa kwenye soketi, na chipu ya soketi hubadilishwa kirahisi, basi nikathibitisha kwa kristali inayotoa mapigo ya saa ya mashine: 17.734475 MHz. Ya NTSC, mfumo wa TV wa Marekani, ingekuwa 14.31818. Chipu ya sauti ni SID 6581 ya volti 12. Wenye kuwaza kuweka SID ya 8580 badala yake, angalieni: hiyo ni ya volti 9, ukiichomeka hapa bila kurekebisha umeme inaweza kuungua.