Mrejesho: plagi nyeusi ya pikipiki yangu

Ndugu mafundi, niliuliza kwa nini plagi (kifaa kinachotoa cheche ya kuwasha petroli) ya pikipiki yangu ya cc 150 hutoka nyeusi tititi na injini haivuti. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) iliyopimwa kwa hewa nzito ya pwani humimina petroli kupita kiasi huku juu. Hata hivyo, kama mlivyonishauri, sikuihukumu plagi iliyotoka kwenye foleni, kwa sababu injini ikinguruma polepole kwa muda mrefu huipaka plagi masizi hata kama injini ni nzima. Niliivuta pikipiki kwa gia ya juu katika Thika Road, nikabana klachi na kuzima injini papo hapo, kisha nikaifungua plagi kando ya barabara (ilikuwa moto ajabu). Masizi yalikuwa makavu, yakifutika kwa kidole, wala hayakung'aa kwa oili, hivyo ringi za pistoni, zinazozuia oili isipande, hazina lawama. Chujio la hewa lilikuwa limeziba vumbi. Nimelibadilisha, na jeti kuu (tundu la kabureta linalopitisha petroli) tumeishusha saizi moja. Sasa kauri ya ncha ya plagi ni ya kahawia hafifu. Fundi alitaka kuishusha jeti tena, nikakataa, maana kauri ikiwa nyeupe petroli imepungua mno na pistoni huweza kuungua. Ulaji wa petroli bado naupima.