Watoto wanapiga ndege kwa manati: nianzie wapi?

Mwl_DarasaLaTatu:
Habari za humu wakuu. Nina watoto 52, shule ya kijijini iliyozungukwa na mashamba ya mpunga. Karibu kila mvulana ana manati mfukoni. Mapumziko wanapiga shomoro, chozi, tetere; kinda wa mnana akidondoka wanamfunga kamba mguuni. Viboko vimewafundisha kujificha tu. Nataka waone huruma wenyewe. Nianzie wapi, kwa vifaa vya shuleni?

Bustani_na_Ndege:
Anza na maji, mwalimu. Tafuta sahani ya udongo au kifuniko cha ndoo, maji yasizidi kina cha sm 4, na jiwe katikati la kutulia. Kama ni plastiki, tandaza changarawe chini, maana ndege huteleza. Weka kivulini, hatua tatu au nne kutoka kichakani: ukikaribia zaidi paka atavizia humo, ukienda mbali ndege hana pa kukimbilia mwewe akija. Badilisha maji kila asubuhi. Yakikaa wiki nzima mmefuga mbu.

Watazame sita sita, dakika kumi, wakiwa mita 8 hivi. Darasa zima kwa pamoja haliwezekani: mmoja akicheka, ndege wote wameruka. Usihutubie. Uliza swali moja tu: huyu anakunywaje? Tetere huzamisha mdomo na kufyonza bila kuinua kichwa. Shomoro huchota kidogo, kisha huinua shingo ameze. Mtoto akiligundua hilo kwa macho yake, kesho atakuja na swali lake mwenyewe. Hapo ndipo umempata.

Mama_Kitalu:
Naongeza la mnana. Dume ndiye anayesuka. Jike huja kukagua, na kiota kikikataliwa dume hukibomoa na kuanza upya. Chagueni kiota kimoja, mkiandikie kalenda ukutani: mayai huatamiwa siku kama 12, makinda hukaa humo takriban wiki tatu. Watoto wakishahesabu siku, wenyewe watamzuia mwenye manati.

Kinda akidondoka: asiye na manyoya arudishwe kiotani. Si kweli kwamba mama humkataa akiguswa na mtu. Kiota kikiwa juu mno, mtundike jirani ndani ya kikapu kidogo chenye nyasi kavu. Mwenye manyoya awekwe tawini, muondoke. Wazazi wake wako karibu na watamlisha. Kosa kubwa ni kummiminia maji mdomoni, yanaingia kwenye njia ya hewa na anakufa. Maziwa vilevile, hapana.

Mkulima_Mpunga:
Mwalimu, kumbuka watoto hao hutumwa kuamia ndege, na nyumbani hupongezwa wakipiga. Ukiwaambia ndege wote ni wema watakuona hujui shamba. Kwelea kwelea anamaliza mpunga kweli. Watenganishie: kufukuza si kuua. Debe la kugonga na kanda za kaseti zilizotandazwa juu ya mashuke hufukuza, ila zihamishwe kila baada ya siku chache, ndege huzoea. Na waelezwe kuwa mnana hulisha makinda yake wadudu, wakiwemo viwavi.

Manati usinyang'anye. Pangeni makopo juu ya ukuta, washindane shabaha Ijumaa.

Mwl_DarasaLaTatu:
Asanteni sana. Wakati wa likizo sahani ya maji itakuwaje?

Bustani_na_Ndege:
Kama hakuna mtoto wa jirani wa kupokezana zamu, mwaga maji na uifunike. Usiiache na maji.