Kanzu, kandambili na nikabu kwenye usukani: Ulaya wanakataza nini hasa?

UmmSwafiya (Leicester)
Asalaam aleikum wenzangu. Mwezi ujao inshallah twaenda harusini Köln kwa gari letu wenyewe: Dover, Calais, Ubelgiji, mpaka Ujerumani. Mume wangu mtu wa Lamu, joto likianza ni kanzu na kandambili hata akiendesha. Mimi navaa nikabu, na usukani twapokezana. Sasa kwenye grupu la akina mama limeingia tangazo refu: kandambili marufuku, kanzu marufuku, na Ufaransa ukikosa kipimo cha pombe gari lazuiwa. Pombe yenyewe hatuijui! Lipi la kweli hapo?

TangaDuisburg
Waaleikum salaam dada. Mimi naendesha lori, hiyo njia napita kila wiki. Matangazo hayo huzunguka kila kiangazi na nusu yake yamepitwa na wakati. Kipimo cha pombe Ufaransa walikidai 2012, wakakifuta 2020. Usitoe hela.

Kandambili hazijatajwa kwenye sheria ya Ufaransa. Kilichopo ni kifungu R412-6: dereva awe katika hali ya kuliendesha gari bila kizuizi. Askari akiona kiatu kinakuzuia, euro 35. Ujerumani mwenye gari lake aweza kuendesha hata peku. Sisi wa malori ndio tunaotakiwa kuvaa kiatu cha kufunika mguu. Ila ajali ikitokea, bima watauliza ulivaa nini. Na wana haki. Kandambili ikilowa, kisigino kinateleza pembeni, ncha ya mbele inajikunja na kuingia chini ya pedali ya breki. Shemeji avae raba, kandambili zikae nyuma ya kiti, si miguuni. Kanzu haina kesi, aipandishe magotini kabla ya kufunga mkanda.

Vazi wanaloliulizia kweli ni kizibao cha reflekta, kile kile cha bodaboda. Ufaransa kiwe ndani ya gari, mkono ukifikie. Kikiwa kwenye buti ni kama huna, euro 135, maana ukishuka kukifuata ushakuwa barabarani gizani bila kuonekana. Ubelgiji, gari likiharibika kwenye barabara kuu, ukishuka uwe umeshakivaa. Nunueni vya watu wote garini, watoto pia, mviweke mifuko ya milango. (Wapo wanaokivalisha kiti cha dereva. Mimi naona ni kujipendekeza kwa askari.)

KondaMstaafu (Nairobi)
Mnashangaa Wazungu na sisi huku Kenya, Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, alituvalisha sare tangu 2004? Dereva wa matatu bluu iliyokolea, konda maruni. Ukipatikana bila sare, siku yako imeisha. Ila Tanga umeruka swali la nikabu, na hilo ndilo zito.

TangaDuisburg
Sijaliruka, nilikuwa napakua mzigo.

Dada, Ujerumani nikabu barabarani na madukani ruhusa, lakini kwenye usukani hapana. Tangu 2017 dereva hafuniki uso kiasi cha kutotambulika, faini euro 60. Sababu yake ni kamera za mwendo. Huku anayeadhibiwa ni aliyeendesha, si mwenye gari, kwa hiyo picha isipoonyesha uso hawana wa kumpelekea barua. Hijabu haina neno, miwani ya jua haina neno. Ukiwa abiria, vaa nikabu yako. Wako akina mama waliokwenda mahakamani kuomba ruhusa, wakakataliwa.

Ufaransa na Ubelgiji ni habari nyingine, na tangazo lenu halikuligusa kabisa. Huko shida kubwa ni ukishashuka garini. Sheria ya Ufaransa ya 2010 na ya Ubelgiji ya 2011 zinakataza kufunika uso mahali pa umma, na kituo cha mafuta ni mahali pa umma, choo chake pia. Ufaransa faini hufika euro 150. Mimi sikubaliani nayo, mwanamke hajamdhuru mtu kwa kwenda kununua maji. Lakini askari wa pale hatakaa kujadiliana nawe dini. Ningekuwa nyinyi, ningejaza tangi Dover na kubeba chakula, nikapunguza kushukashuka hadi mpaka wa Ujerumani.

UmmSwafiya
Shukran sana kaka, Allah akulipe. Basi toka Calais ataendesha yeye mpaka Köln. Nimemsomea, raba amekubali kwa shingo upande. Masikioni je? Yeye hupenda kusikiliza mawaidha kwa vile vidude visivyo na waya.

TangaDuisburg
Ufaransa avitoe. Tangu 2015 dereva kuziba hata sikio moja ni euro 135. Mawaidha yapite kwenye spika za gari, msikilize wote.

Na kabla ya feri: kibandiko cha GB, kile cha nyuma ya gari kinachoonyesha nchi, kitoeni, tangu Septemba 2021 kinatakiwa cha UK. Taa zenu za mbele nazo zimetegeshwa kwa kuendesha kushoto, kwa hiyo huku zinawapiga machoni wanaokuja. Vibandiko vya kugeuza mwanga wake mtavipata duka lolote la vipuri hapo Leicester. Vibandikeni mchana, kioo kikiwa kikavu.