Mjadala: Mfereji wa kujaribia maumbo ya boti Kigoma, hitaji au anasa?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Natoa hoja, mnishambulie. Nasema Kigoma tujengewe kwa fedha za umma mfereji wa kujaribia maumbo ya vyombo vya majini. Sizungumzii jengo la vioo. Zege la mita 40 hivi, maji ya kufika kiunoni, kapi na kamba za kuvuta mfano mdogo wa boti, na mzani wa kupima unavyovutika.

Juzi nilipanda boti Kibirizi kwenda Kagunga. Saruji chini, kreti za soda katikati, magodoro juu ya turubai, na sisi abiria humo humo. Tulipotoka nje ya ghuba nahodha akaongeza moto. Pua ikainuka, nyuma kukadidimia, wimbi likajikunja ubavuni, injini ikalia kama mtoto mwenye njaa, na mwendo ukabaki ule ule. Mnaosafiri Ziwa Tanganyika mnalijua hilo. Chombo kikitembea huzaa wimbi, na kadiri kinavyokwenda kasi wimbi hilo hurefuka. Likishalingana na urefu wa boti, boti inakuwa inapanda kilima ilichokitengeneza yenyewe. Kwa boti yenye urefu wa mita 9 pale inapogusa maji, hapo ni karibu km 13.5 kwa saa. Ukiwa umejaza mzigo na bado unalazimisha, unaunguza petroli tu.

Haya yalipimwa zamani. Mwingereza William Froude alijenga dimbwi la majaribio Torquay mwaka 1872, akivuta mifano ya meli iliyochongwa kwa nta. Kanuni yake ni nyepesi: mfano ukiwa mdogo mara 16, uvute kwa mwendo uliogawanywa kwa 4 (kipeuo cha pili cha 16), mawimbi yatafanana. Boti ya mita 16 inayokwenda km 12 kwa saa, mfano wake wa mita 1 unauvuta km 3 kwa saa, mwendo wa mtu anayetoka kanisani. Meli yetu ya Liemba ilichorwa na kuundwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande na kuungwa hapa hapa, ikaingia majini 1915. Zaidi ya miaka 100 imepita. Hata boti za mbao tushindwe kuzipima wenyewe?

Mama Dagaa
Mwanangu, hongera kwa kusoma. Mimi napeleka dagaa na mawese, nalala kwenye hizo boti. Umbo halijawahi kunitisha. Kinachonitisha ni mtu kupakia mpaka ubavu unabaki kiganja kimoja juu ya maji, halafu kusi linaanza. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ukara tarehe 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 220 wakafa, na kilikuwa kimezidisha abiria. Mfereji wako ungemzuia nani kuingia? Nunueni jaketi okozi, lipeni mkaguzi anayeamka alfajiri.

Fundi wa Kibirizi
Mama kamaliza. Mimi nachonga kwa jicho, kama baba. Pua nyembamba inakata maji, kila mtoto wa mwaloni anajua. Sihitaji beseni la serikali kuniambia.

Mleta mada
Shikamoo fundi. Hiyo ya pua nyembamba ndiyo iliyonifanya niandike. Froude huyo huyo alitengeneza maumbo mawili, Raven lenye ncha kali na Swan lenye ncha butu, na kila umbo akalichonga kwa saizi tatu. Kila mtu angeweka dau lake kwa Raven. Mwendo ulipoongezeka, Swan ndilo lililovutika kwa urahisi zaidi. Sisemi pua yako ni mbovu. Nasema wewe na mimi tunabishana kwa macho.

Mwalimu wa Kasulu
Mleta mada umeruka kitu. Maji hayaleti mawimbi tu, yanasugua pia ubao, na msuguano haufuati kanuni hiyo ya mawimbi. Kwenye mfano wa mita 1 maji ya karibu na ubao yanateleza kwa utulivu, kwenye boti kubwa yanavurugika. Usipobandika ukanda wa mchanga karibu na pua ili kuyavuruga, na usipokokotoa msuguano peke yake, utaambiwa uongo na mzani wako mwenyewe. Mfereji bila mtu wa hesabu ni bwawa la kufugia sato.

Ila Mama naye asitufunge mdomo. Kujua boti inabishaje kuinama hakuhitaji mfereji. Funga timazi, yaani uzi wenye jiwe chini, la mita 1.5 kwenye nguzo ya turubai, jiwe lake lizame kwenye ndoo ya maji lisiyumbe sana. Chukua mifuko 4 ya saruji ya kilo 50, ihamishe mita 1 kutoka katikati kwenda ubavuni, pima uzi umehama sentimita ngapi. Halafu panga mzigo juu kama wanavyofanya siku ya soko, rudia. Tuseme mwanzo uzi ulihama sm 7.5 na sasa umehama 15: ubishi wa boti umepungua nusu, na hapo hata wimbi halijafika.

Mpita njia
Mnahangaika na mbao, wenzenu wana roboti za chini ya maji. Ziwa letu lina kina cha hadi mita 1,470, tungeanzia huko.

Mleta mada
Mkuu, kwenye mita 1,000 kila sentimita ya mraba inabeba kama kilo 100. Tumalize kwanza Kagunga.

Mwalimu, hapo kwenye msuguano umenikamata. Nabadilisha mpangilio: timazi kwanza, kwenye kila mwalo, mfereji baadaye. Ila siufuti. Timazi litamwambia Mama boti ipi isipakiwe juu, halitamwambia fundi kwa nini petroli inaisha kabla ya Gombe.

Mama Dagaa
Hilo la uzi nimelielewa. Mkaguzi naye atalielewa, tatizo ni kama atataka.

Fundi wa Kibirizi
Nina moja iko majini, injini bado. Alhamisi njooni na hilo timazi. Mifuko ya saruji mje nayo, na ikilowa ni yenu.